Fensi kwenye kiwanja kipya chenye mteremko Kisesa: juu majabali, chini mbuga. Nianzie wapi?

KiwanjaKipya:

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa wanaozijua fensi kwa vitendo kabla sijanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Kiwanja kiko Kisesa, njia ya kwenda Bujora, nje kidogo ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Kimepimwa, mita 30 kwa 40, bado hakuna hata banda. Ule urefu wa mita 40 ndio unaoshuka, na kwa vipimo vya fundi tofauti ya kimo kati ya juu na chini ni mita 5. Juu ni majabali, mengine yamechomoza, mengine yamefunikwa na udongo kidogo tu. Katikati ni kichanga. Mita kama 8 za mwisho huku chini ni udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka hadi kiganja kinaingia. Barabara ya mtaa inapanda ubavuni, sambamba na upande mmoja wa mita 40, na geti litakaa huko. Nje ya upande wa chini ng'ombe na mbuzi wanapita asubuhi na jioni kwenda kunywa maji.

Mfuko kwa sasa unaruhusu jambo moja kati ya mawili: ukuta wa tofali upande wa chini peke yake, au nguzo za zege na wavu pande zote nne. Fundi ameshauri nianze na ukuta wa chini "ili uzuie udongo usihame", pande nyingine zisubiri.

1. Ushauri huo ni sahihi?
2. Nguzo inasimamaje penye jabali ambapo hapachimbiki?
3. Wavu unafuata mteremko au unawekwa kwa ngazi?
4. Nguzo, saruji na wavu ni kiasi gani kwa kiwanja hiki, nisije nikapigwa kwenye hesabu?
5. Geti la mita 4 kwenye barabara inayopanda linakaaje?

Mpima Mipaka:

Kabla ya shimo la kwanza, zitafute bikoni zote nne (alama za zege za mpaka) uzione kwa macho. Kwenye mteremko bikoni za chini huwa zinafukiwa na udongo unaoteremka na mvua, na za juu hubaki zinaning'inia kwa sababu udongo umeondoka, kisha jembe au trekta linazing'oa. Ukiikosa hata moja usikisie kwa kamba kutoka kwenye zilizobaki. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa airudishe kwa koordineti za ramani ya upimaji. Gharama yake ni ndogo kuliko kubomoa fensi iliyoingia kwa jirani.

Kuna kosa moja la vipimo linalojirudia sana kwenye viwanja vya namna hii. Vipimo vilivyo kwenye hati ni vya mlalo, yaani kana kwamba ardhi ni tambarare. Ukilaza futi kamba juu ya ardhi inayoshuka mita 5 ndani ya mita 40, utasoma mita 40 na sentimita 31. Fundi akikata mita 40 kamili juu ya ardhi, kona yako inabaki ndani kwa hizo sentimita. Kwenu ni kidogo, ila kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 4 urefu unakuwa mita 41.23, na hapo umeshapoteza kipande cha maana. Dawa yake ni kuvuta futi kamba ikiwa mlalo, vipande vya mita 4 au 5, ukishusha timazi (uzi wenye kizito) kila mwisho wa kipande.

Usichimbe shimo la kona juu ya bikoni. Ile ni alama ya serikali, kuiondoa au kuiharibu ni kosa kisheria. Shimo la nguzo lina upana wa sentimita 30, hivyo mstari wa katikati ya nguzo ukae ndani ya mpaka angalau sentimita 20, zege lisivuke. Siku ya kuvuta kamba waite majirani, hata wale ambao hawajajenga, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, muandikishane.

Upande wa barabara ya mtaa fuata ramani ya mipango miji, usifuate njia iliyochongwa na bodaboda. Mara nyingi njia inayoonekana ni nyembamba kuliko barabara iliyopangwa. Kwa wengine watakaosoma hapa: aliye kando ya barabara kuu kama hiyo ya Musoma akumbuke hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na aliye ufukweni akumbuke mita 60 kutoka ziwani ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikataza shughuli za kudumu za kibinadamu. Fensi haiihalalishi ardhi hiyo.

Kisesa iko Halmashauri ya Wilaya ya Magu, siyo Jiji, kwa hiyo suala la kibali kaulizie huko kabla ya kujenga ukuta wa aina yoyote. Na uliza mamlaka ya maji kama kuna bomba linalokatiza. Sururu moja kwenye bomba la mtaa itakula hela ya nguzo kadhaa.

Fundi Levo:

Ukuta wa chini kwanza? Hapana. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka ukuta wa tofali kwenye kiwanja hicho, na nitaeleza kwa nini.

Ukuta wa tofali za inchi 6 kazi yake ni kubeba uzito wake na kuhimili upepo. Haukutengenezwa kusukumwa na udongo wala maji. Kiwanja chako kina mita za mraba 1,200. Mvua moja ya milimita 50, ambayo masika si ya ajabu huku kwetu, inamwaga lita 60,000 juu ya kiwanja. Hata nusu ikinywewa na ardhi, lita 30,000 zinateremka kuelekea upande huo mmoja, bila kuhesabu zinazotoka kwa jirani wa juu. Ukuta usio na matundu unageuka bwawa. Udongo unajilundika nyuma yake, unalowa, unakuwa mzito, na ukuta unaanza kubinuka katikati ya nguzo mbili. Juu ya hilo, msingi wenyewe umekaa kwenye mbuga, udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo nyufa zitaanza hata kabla ya msukumo. Ukianguka unaangukia nje, njia ya mifugo na wachungaji. Hilo la mwisho lingetosha peke yake kuuacha.

Wenyeji wa Usukumani wanaujua mpangilio huu wa udongo tangu zamani: juu mwamba na kichanga cha luseni, chini mbuga, na mara nyingi katikati kuna ukanda mgumu wa ibambasi usiopitisha maji. Kila ukanda una tabia yake, na fensi yako haina sababu ya kuwa ya aina moja kutoka juu hadi chini.

Kwa hiyo anza na maji, nguzo baadaye.

Upande wa juu, ndani ya mpaka wako, chimba mfereji wa kukinga wenye upana wa sentimita 50 na kina cha 40, ukikatiza mteremko kuelekea mtaro wa barabara. Ushuke sentimita 1 kwa kila mita, yaani sentimita 30 tu katika upana wote wa kiwanja. Ukiushusha sentimita 2 au zaidi kwa mita, kichanga kitaliwa na mfereji utakuwa korongo ndani ya masika moja. Udongo unaotoka uweke upande wa chini wa mfereji uwe tuta, kisha otesha nyasi juu yake. Penye jabali ambapo hapachimbiki, jenga tuta la mawe na saruji kimo cha sentimita 30 liunganishe vipande vya mfereji. Mdomo wa kutokea uutandikie mawe makubwa ili maji yapunguze kasi. Usiuelekeze kwa jirani hata kama kiwanja chake ni pori leo.

Kupima mshuko huo huhitaji mashine. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 15 hadi 20, ujaze maji hadi mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki ndani, levo inadanganya. Mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kwanza, mwingine aende mita 10, maji yakitulia pande zote mbili weka alama, kisha pima kutoka alama hadi ardhini. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mshuko. Fanya hivyo kwenye mstari mzima wa fensi, kila mita 5, uandike kwenye daftari. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia wapi ardhi inabadilika, na nguzo za kukaza wavu zinakaa palepale inapobadilika.

Upande wa chini weka nguzo na wavu, maji yapite. Chini ya wavu panga mawe makavu bila saruji, kimo cha sentimita 30. Yanachuja udongo, yanazuia mbuzi kupenya, na maji yanapita katikati yake. Kama nia ni kuzuia udongo, uzuie humo ndani kwa matuta mawili matatu yanayokatiza mteremko kabla haujafika mpakani.

Zege na Nondo:

Nakubaliana na Fundi Levo kuhusu ukuta. Naingia kwenye nguzo na hesabu.

Mzingo ni mita 140.6 ukihesabu mteremko, toa geti la mita 4, zinabaki 136.6. Kwenye tambarare watu huweka nguzo kila mita 3, kwenye mteremko wako weka kila mita 2.5. Hiyo inakupa nafasi 55 na nguzo 56, zikiwemo za kona na mbili za kando ya geti. Ongeza nguzo za kuegemeza: mbili kila kona ni 8, moja kila upande wa geti ni 2, na katikati ya kila upande wa mita 40 weka nguzo ya kukaza yenye egemeo mbili, ni 4. Jumla 14. Agiza nguzo 70, ongeza 3 za kuvunjika njiani.

Nguzo za unene wa sentimita 10 kwa 10 zenye nondo 4 ndani. Usikubali zenye nondo moja ya katikati, maana nondo ya katikati haifanyi kazi nguzo inaposukumwa pembeni. Iliyomwagwa wiki iliyopita usiipakie kwenye gari, mpe mwuzaji siku 28. Angalia nyufa nyembamba za kukata upana. Ikiwa nazo, maji yataifikia nondo na kutu itaipasua.

Urefu: kwa wavu wa mita 1.5 na mistari 3 ya seng'enge juu yake, nguzo ya mita 2.4 inazikwa sentimita 60 na kubaki 1.8. Lakini zile za mbuga zinataka kina cha sentimita 90, kwa hiyo agiza 19 ziwe za mita 2.7: 13 za upande wa chini pamoja na kona zake, na 3 za kila ubavu ndani ya zile mita 8. Hapa ndipo wengi hupotea, wanaagiza urefu mmoja halafu upande wa mbuga fundi anachimba kifupi ili kimo kilingane.

Shimo la mbuga lina umbo lake. Juu sentimita 30 kwa 30, chini kabisa lipanuliwe hadi 40 kwa 40. Zege lijaze sentimita 60 za chini tu, zile 30 za juu zijazwe moramu au changarawe. Kamwe zege lisiwe pana juu na jembamba chini kama uyoga. Udongo unaovimba unaingia chini ya ule ukingo mpana na kuling'oa taratibu, kila msimu kidogo, hadi unakuta nguzo imepanda na wavu umelegea.

Zege la kutosha kwa mashimo ni la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Mashimo yote pamoja na egemeo na mapanuo ya mbuga yanakula kama mita za ujazo 3.4. Kila mita ya ujazo ya mchanganyiko huo inataka mifuko 4.4 ya kilo 50, kwa hiyo ni mifuko 15. Nunua 17. Mchanga mita za ujazo 2, kokoto 3.5. Ukichimba kiangazi lowesha kuta za shimo kabla ya kumwaga, la sivyo udongo mkavu unanyonya maji ya zege na linabaki la kubomoka. Usikaze waya wowote kabla ya siku 7.

Kwenye jabali sasa. Kwanza lijue kama ni mwamba wenyewe au ni ganda. Ligonge kwa nyundo ya kilo 2: mlio mkali ni jiwe zima, mlio mzito wa kufa ni ganda lililooza, libandue kwa tindo hadi ufike kwenye uzima. Kisha toboa matundu 4 ya milimita 16 kwa drili ya nyundo, kina sentimita 15 hadi 20, kwenye umbo la mraba wa sentimita 20. Puliza vumbi lote litoke. Vumbi likibaki, saruji inashika vumbi wala haishiki jiwe. Lowesha, jaza rojo zito la saruji na mchanga laini 1:1, pigilia nondo za milimita 12 zenye urefu wa sentimita 45 zikiwa zimepindwa juu. Kesho yake funga boksi la mbao la sentimita 30 kwa 30, kimo 40, simamisha nguzo katikati ya nondo, mwaga zege la 1:2:4. Nguzo za namna hii kata chini sentimita 60, vinginevyo zitasimama juu kuliko wenzake.

Penye mawe yaliyobebana, yale ambayo moja limekalia jingine, usichimbe chini yake wala usiwashe moto wa kupasulia jiwe karibu nayo. Ukiondoa udongo unaolishikilia la chini, la juu halitoi taarifa. Pitisha fensi kando, hata ukipoteza mita 2.

KiwanjaKipya:

Asanteni sana wakuu, hesabu ya fundi ilikuwa nguzo 48 bila egemeo hata moja. Naomba mnimalizie wavu na geti. Pia kuna anayenishauri nitumie mirunda ya mikaratusi badala ya zege ili nipunguze gharama, na ng'ombe wananipa wasiwasi.

Fundi Levo:

Nguzo 48 kwa mzingo huo ni kila mita 3 bila egemeo. Wavu ungelegea kabla ya Krismasi.

Kwa mteremko wako, ambao ni sentimita 12.5 kwa kila mita, wavu ufuate ardhi. Ngazi ziache kwa mteremko mkali zaidi au kwa paneli ngumu zisizopinda. Nguzo zote zisimame kwa timazi, zisiegemee mteremko hata kidogo. Hapo linatokea jambo ambalo fundi asiyelijua huishia kuuvuta wavu kwa hasira: roli limelala sambamba na ardhi inayoshuka, ila nguzo imesimama wima, hivyo mwisho wa wavu wa mita 1.5 unapishana na nguzo kwa sentimita 19 kati ya juu na chini. Ukiulazimisha, matundu ya juu yananyooka na ya chini yanabaki matumbo. Fanya hivi: funga ncha kwenye nguzo ya juu kabisa, teremka nao, na kila nafasi ukaze makali ya chini na ya juu kwa zamu, kidogokidogo, mpaka matundu yote yaegemee upande mmoja kwa usawa. Wavu wa kusukwa unakubali kuegea namna hiyo. Pale mwisho, chomoa uzi mmoja mmoja wa wavu kufuata mshazari, usikate kwa mkasi ovyo ukaacha ncha zinazochomoka zenyewe.

Kabla ya wavu vuta waya laini mistari 3: juu, katikati, na sentimita 5 kutoka ardhini. Hiyo ni mita 410, na ukiongeza za kuzungushia nguzo ni 430. Waya wa geji 8 una uzito wa gramu 100 hivi kwa mita, hivyo nunua kilo 44. Seng'enge mistari 3 juu nayo ni mita 410. Uliza roli lina mita ngapi, usinunue kwa kilo peke yake, maana roli la kilo zilezile lenye waya mwembamba ni refu na linakatika mapema. Kwenye geji kumbuka namba ndogo ndiyo waya mnene. Wavu: roli 7 kama ni za mita 20, roli 8 kama ni za mita 18. Lifungue moja dukani ulipime, na uangalie kama zinki ya kuzuia kutu imefika hadi kwenye mikunjo.

Egemeo zikae kwenye mstari wa fensi, upande wavu unakovutia, zikishika nguzo kwenye theluthi mbili ya kimo chake. Kona ina mivuto miwili kwa hiyo inataka egemeo mbili. Wapo wanaoweka moja ya mshazari kwa ndani. Inasaidia pande zote mbili zikishakazwa, lakini ukiwa umekaza upande mmoja tu, kona inapinda na hairudi.

Mahali pa kuangalia zaidi ni kwenye bonde dogo, ardhi inaposhuka kisha kuinuka. Hapo waya ukikazwa unaivuta nguzo juu, kuing'oa. Ichimbie sentimita 80, upitishe vipande viwili vya nondo kwenye zege chini yake.

Geti. Mita 4 kwenye mteremko huo ni tofauti ya sentimita 50 kati ya nguzo moja na nyingine. Geti la kuteleza pembeni lisahau, maana reli inataka mita nyingine 4 na zaidi zilizo sawa, na utachimba upande mmoja au kujaza upande mwingine nusu mita tena. Weka milango miwili ya mita 2 inayofungukia ndani, na usawazishe jukwaa: kata sentimita 25 upande wa juu, jaza 25 upande wa chini, ukingo wa chini ushikwe kwa mawe na saruji. Jukwaa liingie ndani angalau mita 5, gari lisimame likiwa limetoka barabarani kabla ya kufunga. Nguzo za geti ni za kumwagwa hapohapo, 20 kwa 20, nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 6 kila sentimita 15, kina 90, na mkanda wa zege ardhini ukiziunganisha zote mbili. Bila mkanda huo nguzo zinainamiana kwa uzito wa milango, na komeo linaacha kukutana. Chini ya kiingilio laza bomba la zege la milimita 300 kwenye mtaro wa barabara. Dogo kuliko hilo huziba tope la mvua ya kwanza.

Mfugaji wa Magu:

Mirunda isiyotiwa dawa usiiweke, mchwa wa kichanga hicho hawasubiri. Kupaka oili chafu kunachelewesha tu, tena kunachafua udongo. Ukipata nguzo za miti zilizotiwa dawa kiwandani ni sawa, ila usikate ncha itakayoingia ardhini. Dawa inakaa kwenye tabaka la nje, ukikata umewafungulia mchwa moyo wa mti. Kama lazima upunguze, punguza juu.

Ng'ombe hawavunji wavu kwa kuusukuma, wanauvunja kwa kujikuna. Upande wa chini, kwa nje ya nguzo, vuta seng'enge mistari miwili, mmoja sentimita 50 kutoka ardhini na mwingine 100. Ng'ombe akichomwa mara ya kwanza anahamia kwenye mti.

Ubavu usio na barabara ungeweza kuongezea minyaa kwa ndani, gharama yake ni nguvu za mikono tu. Kata vipande vya sentimita 40 hadi 50, vilaze kivulini siku kadhaa utomvu ukauke mahali palipokatwa, panda kina cha sentimita 15, umbali wa 25, mistari miwili inayopishana, vuli inapoanza Oktoba au Novemba. Vaa miwani unapokata. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kuleta upofu wa muda, watoto wakae mbali. Kwenye mbuga inayotuama maji usiupande, unaoza. Huko weka katani kwenye tuta.

KiwanjaKipya:

Swali la mwisho. Nikija kupata hela ya ukuta upande wa barabara, nitalazimika kung'oa fensi hii?

Zege na Nondo:

Siyo kama utaipangia leo. Upande huo mmoja usifuate zile sentimita 20, sogeza mstari wa nguzo ndani sentimita 60. Msingi wa ukuta utachimbwa kati ya fensi na mpaka, wavu ukiwa unalinda vifaa vyako mpaka tofali la mwisho, kisha nguzo na wavu unavihamishia kwingine. Nguzo za geti tu ndizo ziwekwe kwenye mstari wa ukuta tangu sasa, na pengo la kila upande ulizibe kwa kipande kifupi cha wavu.

Ukuta wenyewe ndio utakaokwenda kwa ngazi. Kozi moja ya tofali la kimo cha sentimita 23 pamoja na udongo wa saruji ni sentimita 25. Nguzo zikiwa kila mita 3, ardhi yako inashuka sentimita 37.5 kwa kila nafasi, ambayo ni kozi moja na nusu, na tofali halikatwi nusu ya kimo. Basi pishanisha: nafasi moja ishuke kozi moja, inayofuata kozi mbili, ngazi zote ziangukie kwenye nguzo. Chini, msingi wa ngazi ya juu ulalie wa ngazi ya chini kwa urefu usiopungua mara mbili ya kimo cha ngazi, yaani sentimita 50 kwa kozi moja na mita 1 kwa kozi mbili. Msingi uliokatwa wima bila kulaliana ndio unaoleta ule ufa wa kupanda kama ngazi kwenye kuta nyingi za milimani Mwanza. Ukuta huu unafuata mteremko, haukatizi, kwa hiyo maji hayatausukuma sana. Hata hivyo weka matundu ya bomba la inchi 3 kwenye kozi ya kwanza kila mita 3, upande wa chini wa kila nafasi, maana hapo ndipo maji ya ndani yatakapojikusanya. Zile mita 8 za mbuga usizijengee tofali kabisa, ukuta uishie kichanga kinapoishia na wavu uendelee hadi kona.